Ng'ombe wa Posta

Siku Lukresia alipotoka mbio posta ya Karatu, watu waliokuwa kwenye foleni walidhani mama wa watu ameibiwa. Mzee mmoja alijipapasa mifuko upesi, akihofia kwamba labda mwizi ni huyo huyo mama. Lakini hakuna aliyekuwa amemgusa mwenzake. Kijana wa dirishani alimwuliza Lukresia swali moja tu, kisha akanyanyua simu.

Ilikuwa mwaka themanini na tatu, maharage yameshauzwa. Lukresia alikuwa ametoka kijijini kwao Buger alfajiri juu ya lori la magunia, akafika mjini na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Pesa alikuwa amezifunga kwenye pindo la kanga, na pindo lenyewe amelichomeka kiunoni, na juu ya kiuno amevaa sweta la marehemu mume wake ingawa jua lilikuwa kali. Alitaka kufunguliwa kitabu cha akiba. Kijana wa dirishani alikuwa Mmaasai aliyesoma, anaitwa Lembris, ndewe za masikio zimening'inia juu ya kola nyeupe iliyopigwa pasi. Hilo peke yake Lukresia hakulipenda. Alikua akisikia baba zake wakihesabu mifugo yao iliyoibwa na kuvushwa usiku kwenda upande wa Ngorongoro, na sasa alitakiwa ampe mtu wa upande huo pesa amshikie.

"Shikamoo, yeyo," alisema kijana, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Marahaba."

"Barua ya kijiji unayo?"

"Ninayo."

Lembris aliisoma barua, akachovya kalamu, kisha akauliza bila hata kuinua macho, "Umewahi kuwa na akaunti mahali pengine?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, yeyo."

Mtu wa ofisi akisema anauliza tu, basi lipo jambo. Lukresia alilijua hilo vizuri. Na kabla hajajua ajibu nini, Lembris akanyanyua mkono wa simu, akazungusha kile kipini cha pembeni, akasema, "Haloo. Haloo! Nipe Mbulu."

Hapo ndipo miguu ilipojiamulia yenyewe. Barua ya kijiji aliiacha pale pale dirishani.

Mbulu ndiko lilikokuwa deni. Miaka ile ya sabini, mume wake Clemensi alichukua mkopo wa kulimiwa na trekta na wa mbegu za ngano, na kwa kuwa Lukresia alikuwa amefika darasa la nne na anajua kuandika jina lake, alisaini naye. Akaunti ya benki Mbulu ilifunguliwa kwa majina yao wawili. Mwaka huo ngano ilichipua vizuri, ikasimama hadi magotini, halafu mvua ikakatika kama mtu aliyefunga mlango. Mwaka uliofuata Clemensi akashikwa na homa ya mapafu, akafa. Deni halikuugua. Kila senti ya mazao iliyopitia akaunti ile ilikatwa, na siku moja watu wa mkopo wakaja na Landrova, wakaswaga maksai wawili kutoka zizini mbele ya watoto.

Ng'ombe wa tatu hawakumwona, kwa sababu hakuwa zizini. Alikuwa kwa Marsela.

Watu wa kule juu Buger hawaweki mifugo yao yote nyumbani. Unampeleka ng'ombe kwa rafiki wa bonde jingine, naye anamlisha na kumlaza kama wake. Maziwa ni yake anayefuga, na samadi ni yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hakuna karatasi wala tangazo, na jirani hata akiona hatauliza, kwa maana ni utovu wa adabu kuuliza ng'ombe wa mtu wako wapi. Kwa hiyo siku ile watu wa mkopo walipopanda hadi kwa Marsela, ng'ambo ya korongo, na kumnyooshea kidole yule ng'ombe wa kijivu, Marsela alisimama kwenye lango la zizi na fimbo yake mkononi.

"Huyu wangu. Nani kasema si wangu? Mleteni hapa aseme mbele yake."

Waliondoka. Tangu siku hiyo Lukresia alimwamini Marsela kuliko ndugu wa tumbo moja, jambo ambalo, kwa Lukresia, maana yake ni kwamba alimwangalia kwa jicho moja badala ya mawili.

Njiani kurudi kutoka posta, akiwa juu ya lori na pesa zake bado kiunoni, ndipo alipopata wazo. Kama ng'ombe anaweza kulala kwa Marsela, kwa nini pesa zisilale huko huko? Deni lilikuwa linamfuata Lukresia. Halikumjua Marsela.

"Unataka nifungue kitabu kwa jina langu, niweke pesa zako?" Marsela aliuliza. Walikuwa jikoni kwake, moshi unatokea pale unapopata nafasi. Marsela alikuwa mjane kama yeye, mwanamke mfupi mwenye meno mazuri na kicheko cha ghafla.

"Kama ng'ombe."

"Kama ng'ombe." Marsela alilitafuna neno hilo. "Haya, Mama Germana. Mlete ng'ombe wako."

Hawakuwekeana shahidi. Mtu na rafiki yake hawaandikishiani ng'ombe.

Basi ikawa hivyo. Ngano ya Lukresia ilipelekwa ghalani kwa jina la Marsela, na maharage vilevile, na malipo yakaingia kwenye kitabu cha posta ambacho Lukresia hakuwahi kukifungua kwa mkono wake. Akikutana na Marsela kisimani aliuliza, "Hajambo yule?" na Marsela akajibu, "Hajambo, ananenepa." Wanawake wengine walidhani wanazungumzia ng'ombe wa kijivu.

Pesa zile zilikuwa na kazi moja, nayo ni paa. Nyumba ya Lukresia ilikuwa ya kizamani, imezama nusu kwenye kilima, na paa lake lilikuwa la udongo juu ya miti. Clemensi alipokuwa hai alikuwa akipanda kila mwaka kabla ya masika na kulishindilia. Sasa nguzo ya kati ilikuwa imeliwa na mchwa, na masika yaliyopita bonge la udongo lenye upana wa sinia lilidondoka usiku kwenye kitanda cha watoto. Germana, binti yake mkubwa, alikuwa ameamka dakika ile kumpeleka mdogo wake nje. Bonge lilikuta mto.

Tangu hapo Lukresia hakulala tena, alisinzia tu. Kila usiku wa mvua aliinua kibatari kuitazama nguzo, akishika miguu ya watoto mmoja mmoja.

"Aayo, umelala?" Germana alimwuliza mama yake mara nyingi.

"Nimelala. Lala na wewe."

Mabati ndiyo hayakuwapo. Miaka ile hata ukiwa na pesa ungeweza kuzunguka kutoka Karatu hadi Oldeani usipate bati moja. Lakini mwaka themanini na sita, mwezi wa pili, Raphaeli wa duka la kijiji alisimama baada ya misa akatangaza kwamba mabati yanakuja. Atakayelipa mapema atapata, atakayechelewa asimlaumu mtu. Alipomaliza, akaongeza kwa mzaha, "Na wenye pesa chini ya godoro wazilete, panya nao wanasubiri mabati!"

Watu walicheka. Lukresia aliangalia ni nani aliyemtazama wakati wanacheka.

Jioni ile ile alivuka korongo kwenda kwa Marsela. Hakungoja hata uji upoe.

"Namtaka yule wa posta," alisema.

Marsela aliweka mwiko chini taratibu. "Leo ndiyo umekuja kuongea habari hiyo?"

"Raphaeli amesema—"

"Nimemsikia Raphaeli, nilikuwa kanisani. Nakuuliza, mtu akitaka kumchukua ng'ombe wake kwa rafiki, huja hivi? Hupiga hodi, akasema namtaka, akafungua lango?"

Marsela alikuwa na haki. Mwenye ng'ombe huja kwanza kusalimia tu, akala, akaondoka. Safari ya pili ndipo anataja habari, tena kwa kuzunguka. Humwaibishi aliyekutunzia mali kwa kuivuta kama unayemdai.

"Mvua iko karibu, Mama Yohani."

"Mvua naiona. Nenda nyumbani kwako ukae. Wiki ijayo nitakwambia."

Lukresia alirudi gizani akiwa na wasiwasi uliokuwa umepata miguu. Kwa nini wiki ijayo? Adabu ni adabu, lakini adabu inaweza pia kuwa pazia. Alianza kukumbuka vitu. Krismasi iliyopita Marsela alikuwa na kanga mpya, doti nzima, wakati madukani kanga ilikuwa hadithi. Mwaka kabla ya huo alikuwa na sukari ya kuwapa wageni, na sabuni ya kipande, si ya magadi. Mjane wa shamba dogo vile, mtoto wake Yohani yuko Arusha na haandiki hata barua. Sukari ilitoka wapi?

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Akisema Marsela amekula pesa zake, ataulizwa pesa zipi, na neno "pesa za Lukresia" likishatoka mdomoni litatembea lenyewe hadi Mbulu.

Siku ya mnada wa Karatu, aliona Marsela akipanda lori akiwa amevaa ile kanga mpya. Lukresia alisubiri gari la pili. Mnadani alipita nyuma ya ng'ombe na mbuzi, akiinama kila alipoona mtu wa Buger, hadi akatokea ng'ambo ya posta, akajibanza kando ya mama muuza vitunguu wa Mang'ola.

"Unanunua au unajificha?" yule mama alimwuliza.

"Vyote viwili."

"Basi nunua kwanza."

Alinunua fungu. Marsela alitoka posta. Alisimama barazani, akakunja noti, akazifunga kwenye pindo, kisha akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Mpemba mmoja akanunua chumvi, majani ya chai, na baada ya kuvutana bei, kipande cha sabuni.

Lukresia alivuka barabara na vitunguu vyake mkononi.

"Saita, Mama Yohani," alimsalimia kwa lugha yao, akitabasamu kwa ajili ya watu.

Marsela aligeuka. "Saita. Kumbe uko mjini? Mbona hukusema?"

"Twende kando." Lukresia alimshika mkono, kama marafiki washikanavyo, ila kucha zilikuwa zimeingia. Karibu na moto wa wachoma nyama, penye moshi na kelele, alisema kwa sauti ya chini bila kuondoa tabasamu, "Umetoa pesa zangu."

"Cheka kidogo, Raphaeli anatutazama."

Lukresia alicheka kidogo. Raphaeli, aliyekuwa na mfupa mkononi, aliwapungia.

"Umetoa pesa zangu, Marsela. Nimekuona kwa macho haya."

"Sijatoa pesa zako. Pesa zako ziko vilevile ulivyozileta, kila moja. Nimetoa maziwa."

"Maziwa gani?"

"Ile faida. Mwaka ukiisha, posta wanaongeza kidogo juu. Nimekuwa nikiitoa hiyo tu, mwaka hadi mwaka, halafu ng'ombe nimemwacha. Ulitegemea nimlishe ng'ombe wako bure? Nauli ya kwenda na kurudi Karatu nani alinipa? Uliwahi kuniuliza nauli?"

Lukresia hakuwa amejua kwamba pesa ikikaa posta inaongezeka. Kule Mbulu alichokiona ni ya kupungua tu.

"Kwa hiyo ile kanga—"

"Maziwa."

"Na sukari ya Krismasi?"

"Maziwa. Na wewe uliinywa, ulirudia kikombe cha pili."

Palikuwa na kitu hapa ambacho hakikukaa sawa, na Lukresia alikitafuta mpaka akakishika. "Hapana. Hapana, Mama Yohani. Maziwa unayakamua leo, kesho yanakuja mengine ya kunywa. Pesa iliyozaliwa na pesa ni pesa. Hiyo ni ndama. Umekula ndama wangu."

Sasa ni Marsela aliyeshtuka. Kunywa maziwa ni haki, lakini kula ndama wa rafiki ni wizi, na jina la mwizi wa ndama halifutiki hata kwa wajukuu. "Ndama?" alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mimi, Marsela, nimekula ndama? Mimi niliyesimama langoni?"

"Cheka," Lukresia alimkumbusha.

"Sicheki! Twende posta. Twende tukamwulize huyo anayewafuga."

Lukresia hakutaka kwenda posta. Lakini Marsela alikuwa ameshaondoka, kanga yake inapepea, na kumwacha aingie peke yake na kusema anachotaka kulikuwa na hatari zaidi. Akamfuata.

Dirishani alikuwa Lembris yule yule, amenenepa kidogo. Simu ilikuwa pale pale.

"Yeyo umerudi?" alimwambia Marsela. "Umesahau kitu?"

"Kijana wangu, wewe ni mtoto wa wafugaji, nijibu. Faida mnayoongeza kwenye kitabu, ni maziwa au ni ndama?"

Watu kwenye foleni walicheka. Lembris hakucheka. Aliweka kalamu chini, akaliegemea swali kama mtu anayetazama ng'ombe kabla ya kutaja bei. Aliwatazama wote wawili, akaona kanga mpya na alama za kucha mkononi, na Lukresia alijua kwamba ameshajua kila kitu: pesa ni za nani, na kitabu ni cha nani.

"Ukiitoa kila mwaka na kuinywa," alisema mwishoni, "ni maziwa, ng'ombe habadiliki. Ukiiacha ndani, mwaka wa pili nayo inazaa. Hapo ni ndama."

"Nimesema!" Marsela alipiga kofi.

"Nimesema!" alisema Lukresia naye.

"Sasa mama zangu, foleni."

Walitoka nje wakakaa kwenye ukingo wa baraza bila kutazamana. Lukresia alimenya kitunguu kimoja pasipo sababu. Baadaye Marsela alisema, akiangalia barabara, "Kama ungesema unataka iachwe, ningeiacha. Hukusema kitu. Ulileta pesa na kukimbia kama unayetupa mtoto."

"Sikujua kama inazaa."

"Hukujua kwa sababu humwulizi mtu. Unaangalia tu." Marsela alifungua pindo, akatoa kitabu cha posta, akakiweka juu ya goti la Lukresia. "Mchukue ng'ombe wako. Mimi kuitwa mwizi wa ndama mnadani, kwa sauti ya chini au ya juu, siwezi tena."

Kitabu kilikuwa kimepinda kikafuata umbo la kifua cha Marsela. Lukresia alikishika, na hakuona furaha aliyoitegemea. Alijua kinachofuata. Mwenye kumtoa ng'ombe kwa rafiki haondoki na kamba tupu. Aliyefuga huachiwa ndama. Asiyeacha ndama hatapata tena pa kumlaza ng'ombe katika bonde lile, yeye wala watoto wake. Lakini kila noti atakayoiacha ni bati litakalopungua.

Aliiwaza nguzo. Akamwaza Marsela langoni na fimbo.

"Twende ndani," alisema. "Nitakuachia ndama."

Marsela alijipangusa macho kwa kanga ya maziwa. "Jike?"

"Nenda zako! Jike."

Safari hii Lukresia alisimama mbele ya dirisha mwenyewe. Marsela alitoa pesa zote isipokuwa kile alichoachiwa, zikahesabiwa, zikasukumwa upande wa Lukresia, na Lembris akachukua kitabu kipya. Akaandika jina. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Umewahi kuwa na akaunti mahali pengine?"

Lukresia aliitazama simu. Nyuma yake Marsela alimshika pindo la sweta, asije akakimbia.

"Ndiyo," alisema. "Mbulu. Benki."

"Iko wazi bado?"

"Iko wazi kama mdomo wa fisi. Nina deni."

Lembris aliandika kitu kifupi. "Basi sahihi yako unayo tayari. Nilitaka kujua tu, wengi hawajawahi kuweka sahihi, inabidi niwafundishe kwanza. Weka hapa. Iwe ile ile siku zote."

"Na deni?"

"Sikuuliza deni, yeyo. Deni ni lako na wao."

"Ile siku ulipiga simu Mbulu."

"Siku gani?"

"Nilipokuja mwaka ule."

Lembris alifikiri, akatikisa kichwa. "Mimi hupiga simu Mbulu kila siku. Ndiyo kazi."

Jibu hilo lilikuwa jepesi mno. Lukresia aliweka sahihi polepole, na alipomaliza alimtazama mpaka Lembris akajisikia vibaya akaenda kutafuta muhuri.

Mabati yaliyofika yalitosha wengi, lakini pesa ya Lukresia, baada ya ndama wa Marsela, ilitosha nusu ya nyumba tu. Fundi Piusi alipasua paa la udongo upande wa kitanda cha watoto, akasimamisha nguzo mpya, akapiga misumari siku mbili. Upande wa jiko ulibaki udongo. Marsela alikuja na kibuyu cha pombe na wanawake wa bonde lake, wakasomba ule udongo wa zamani kwa ungo, wakiimba na kumtania Lukresia kwamba sasa nyumba yake imevaa kofia upande mmoja kama karani mlevi.

Jioni, walipoondoka, Lukresia alipanda hadi kilimani kuitazama nyumba kwa mbali, na moyo ukamfa. Mabati yaliwaka kama kioo. Yalionekana kutoka barabarani, pengine kutoka Karatu. Ng'ombe unaweza kumlaza kwa rafiki, na pesa unaweza kuilaza kwa rafiki. Paa utalilaza wapi? Mtu yeyote wa mkopo akipita na Landrova atauliza, nani huyo mwenye bati, na watoto wa njiani watajibu kwa furaha.

Kesho yake, mama mzima, alipanda juu ya paa na ndoo ya udongo na samadi, akapaka bati moja baada ya jingine.

"Aayo, tumetoa udongo juu, unarudisha udongo juu?" Germana aliita kutoka chini.

"Shika ngazi na ufunge mdomo."

Alipomaliza, paa lilikuwa limefifia kama mgongo wa nyati. Aliteremka akiwa ameridhika. Mchana mvua ya kwanza ya masika ikaja kutoka upande wa msitu wa Marang, kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza watoto wakasikia mvua juu ya bati. Walipiga kelele, wakaruka juu ya kitanda, wakaimba wasisikiane. Hakuna tone lililoingia. Mdogo alilala usingizi katikati ya kelele ile, mdomo wazi.

Lukresia alikaa upande wa udongo, akitazama maji mekundu yakishuka kutoka pembeni mwa mabati, mekundu, kisha ya kahawia, kisha meupe. Jua lilipotoka hakuhitaji kwenda kilimani. Mwanga ulirudi kutoka juu ya nyumba ukapiga miti ya ng'ambo.

Basi watu wa mkopo walikuwa wanakuja. Na kama walikuwa wanakuja, ilikuwa afadhali awafikie yeye kabla hawajamfikia. Asubuhi alivaa sweta la Clemensi, akachukua kitabu chake kipya na kuku mmoja wa kuuza njiani, akamwambia Germana asimruhusu mtu yeyote kupanda juu, hata fundi Piusi, hata padri.

Kule Mbulu, mzee wa benki mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alichukua muda mrefu kumtafuta. Alimpata. Deni lilikuwepo, limepungua kuliko Lukresia alivyodhani, kwa kuwa wale maksai na mazao yaliyokatwa vilikuwa vimehesabiwa. Walikubaliana alipe kidogo kila mavuno, kwa mkono wake, kutoka kitabu cha posta, na ile akaunti ya majina mawili ifungwe deni litakapokwisha. Lukresia aliweka sahihi ile ile.

"Na bati?" aliuliza akiwa amesimama tayari.

"Bati gani, mama?"

"Mtakuja kuchukua bati?"

Mzee alivua miwani. "Mama, umekuja mwenyewe na unalipa. Nani atakuja kuchukua bati?"

"Nauliza tu," alisema Lukresia.

Alirudi Buger siku ya pili, jua limeanza kuinama. Lori lilimshusha kwenye kona ya juu, pale ambapo bonde lote linafunguka, na kabla hajaangalia kitu kingine aliitafuta nyumba yake. Iliwaka kule chini. Moshi ulikuwa unatoka upande wa udongo, na ng'ambo ya korongo Marsela alikuwa anaingiza ng'ombe zizini.

Lukresia aliweka mzigo chini, akakinga macho kwa mkono, akayahesabu mabati kutoka pale juu. Yalikuwepo yote. Akateremka hadi nusu ya njia, akasimama, akayahesabu tena.